Kabla ya Kupanda Tendaguru

Vueni kandambili. Sisemi mara mbili.
Aliyekuja na sandali arudi Mipingo akaazime gambuti
kwa Bi Nantende; atatozwa mia tano na maneno.
Suruali ndani ya soksi. Ndiyo, hata wewe, mwalimu.

Naitwa Somoe Likanda. Leo mbele ni mimi.
Fimbo yangu inatangulia, mguu unafuata,
maana huyu bwana hasikii mnavyoimba,
anasikia ardhi.
Basi kanyageni kama watu wanaokwenda kudai deni.

Mmekuja kuona walipochimbwa mijusi,
wale wakubwa, mabega kama paa la msikiti,
waliobebwa vichwani mpaka bandarini Lindi,
mfupa kwa mfupa, shingo za babu zetu zikilia,
wakapakiwa kwenda Ulaya.
Wale hawang'ati tena.
Ndugu yao mdogo hakubebwa. Yupo.
Hakuna aliyemwandikia kibao.

Gogo msiliruke.
Lipande, simama juu yake, chungulia upande wa pili,
ndipo ushuke.
Na jiwe, nyinyi watu wa mawe mnavyopenda kufunua,
liinue kwa ncha ya nyundo, ukilivuta upande wako,
likukinge kama ngao,
mwenye nyumba atokee mlango wa kule.
Mkono usiende lisikotangulia jicho.
Msemo huu si wa wahenga. Ni wangu. Nimeulipia.

Tazameni.

Kiangazi, nina miaka kumi na miwili, nachimba ming'oko
nyuma ya shamba la ufuta la mjomba Mnali.
Shimo limefika kiwiko. Nazamisha mkono
kuufuata mzizi, naugusa,
kumbe si mzizi.
Kifutu. Mvivu yule, hakimbii wala hakupishi.
Akanigonga hapa, kidole cha shahada.
Mjomba, kwa mapenzi yake yote,
akachana mpira wa baiskeli, akafunga, akakaza kwa meno.
Ukaja wembe. Likaja jiwe jeusi la jirani.
Tulipofika hospitali mjini, jua la pili,
daktari aliukata mpira kabla ya kuniuliza jina.

Kidole hiki hakikuliwa na nyoka.
Kililiwa na fundo.

Kwa hiyo leo akigongwa mmoja wenu,
asifungwe, asichanjwe, asinyonywe.
Pete, saa, bangili vitoke kabla uvimbe haujafika.
Kijiti ubavuni mwa mguu, kitenge kilegee,
abebwe, asitembee, asikimbie.
Chitanda yuko chini na gari lake bovu,
ila tangi nimelikagua mwenyewe.
Swila akikutemea machoni, usifikiche:
maji, tena maji, hata yale mliyoficha ya kunywa.
Wala asitumwe shujaa kwenda kumuua aletwe ushahidi.
Daktari anataka mgonjwa mmoja, si wawili.

Jioni mtaniuliza mbona nasema "kamba".
Bibi hakutaka tumtaje gizani, eti akiitwa huitika.
Mimi siamini.
Nawasha tochi kwanza, halafu nasema "kamba".
Asubuhi nakung'uta viatu. Hilo naliamini.

Haya, twende. Mstari mmoja. Nyasi ni ndefu kuliko juzi,
na aliyenyuma asichume maua.

...

Simameni.
Hapana, msirudi kwa fujo. Simameni tu.
Mnaliona jani lile kavu pale njiani, lililonona?
Si lile. Lile la kulia, lenye mishale mgongoni.
Lina macho.
Mwacheni. Hatukumkuta kwetu, tumemkuta kwake.
Mijusi wamesubiri miaka ambayo hata mwalimu haijui vizuri,
hawatakasirika kwa dakika ishirini.
Akimaliza kuota jua lake ataondoka,
asipoondoka tutazunguka, kwa mbali, kule kwenye mawe meupe,
fimbo mbele.

Mwalimu, funga mdomo. Kuna vumbi.